Mkono wa Kushoto Juu

Mimi ni msusi, na kazi ya msusi ni kusema na visogo. Asubuhi hadi jioni niko nyuma ya kichwa cha mtu, tunamteta jirani yake, naye ananijibu akiangalia kioo. Ndiyo maana nilichelewa kugundua kwamba dada yangu hasikii. Kwenye kiti changu alikuwa ananijibu vizuri kabisa, kwa sababu alikuwa ananisoma midomo kwenye kioo.

Kwingineko alikuwa ananiudhi. Namwita barabarani, hageuki. Nampigia simu, hapokei, halafu anatuma ujumbe: "Ulikuwa unasemaje?" Nikasema, haya, huyu naye ameanza maringo. Hata shemeji alipita saluni kulalamika kwamba mke wake siku hizi hamsikilizi. Nikamjibu, "Shemeji, wewe nani aliwahi kukusikiliza?" Tukacheka, akaenda zake.

Siku niliyojua, nilikuwa namwosha nywele. Kwenye sinki hakuna kioo. Mteja analaza kichwa nyuma anaangalia dari. Nikamuuliza kama maji yako sawa. Kimya. Nikamuuliza tena. Kimya. Nikasema basi, bibi mkubwa hajibizani na wasusi, nikafungua bomba la moto.

"Unataka kunichemsha?" akaruka.

"Si nimekuuliza!"

"Hujaniuliza kitu!"

Nilikuwa na jibu lake tayari mdomoni, maana sisi wawili hatujawahi kukosa la kujibizana. Lakini nilimwona uso. Alikuwa ameogopa, na hakuogopa maji. Nikamlaza tena taratibu, nikasimama nyuma ya kichwa chake, nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Mteja wa kiti cha pili akageuka kuniangalia kama nimerukwa na akili. Dada alikuwa anaangalia dari.

Nikamfunga taulo, nikamrudisha mbele ya kioo.

"La kulia limeshakwenda," akasema. "La kushoto linafunga mizigo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoondoka mapokezi."

Dada anafanya kazi hospitalini. Alikuwa mapokezi, mtu wa simu na wa kuita wagonjwa, kisha ghafla akaomba ahamishiwe chumba cha majalada, huko nyuma kusiko na mtu. Mimi nilidhani amegombana na mkubwa wake. Kumbe alikuwa amekwenda kwa daktari, daktari amemwambia mishipa ndiyo inayokufa na hairudi. Walimpa kifaa cha kuvaa sikioni. "Kinanipa kelele," akasema, "maneno hakinipi."

Nikalia pale pale na chanuo mkononi. Yeye hakulia. Alinishika mkono akanibana. "Usimwambie Mwalimu wa densi," akasema. "Kazini nimeshakuwa jalada. Nyumbani wanacheka mezani, na mimi nacheka kwa kuwaangalia wengine. Pale kwenye densi ndipo peke yake ninapojua kinachoendelea. Mwalimu akijua atanitoa, na akinitoa sijui nitakwenda wapi. Niapie, mdogo wangu."

Nikamwapia. Angekuwa mtu mwingine ningebishana.

Sasa nieleze hiyo densi, maana bila hivyo hamtaelewa aliyokuwa anaogopa. Sisi tunacheza densi ya tumbo, ila ya mchanganyiko. Kiuno na tumbo ni vya Mashariki ya Kati, mikono tumeazima kwa Wahispania, shingo na mabega tumechukua kwa vijana wa mitaani wanaocheza kama roboti. Kuna watu wakisikia jina wanaguna, wanafikiri ni uhuni. Waje wajaribu kutikisa nyonga moja huku nyingine imetulia tuli, halafu tuongee. Tunavaa sketi pana, mkanda wa sarafu kiunoni, na matoazi madogo vidoleni, mawili kila mkono, yamefungwa kwa lastiki.

Lakini kubwa ni hili: hatupangi hatua. Tunasimama wanne, mmoja kila kona ya almasi, na anayeongoza ni yule ambaye wenzake wote wanamwona mgongo. Yeye anasikiliza ngoma na kutoa ishara. Akishusha bega, wote tunashuka. Akikunja kiwiko, wote tunazunguka. Na tukigeuka, uongozi unahama. Tukigeukia kulia, aliyekuwa kona ya kulia ndiye kiongozi. Tukigeuka nyuma kabisa, wa nyuma anakuwa wa mbele. Ishara ya kugeuka nyuma ni mkono wa kushoto juu, kiganja wazi.

Na Mwalimu ana sheria moja ambayo ametuimbia hadi tumeiota. Kiongozi hakosei. Akifanya jambo la ajabu, lifanyeni wote, litakuwa densi. Mkimwacha peke yake, hapo ndipo mmekosea.

Kwa hiyo mtu anayefuata hahitaji masikio. Anahitaji macho, na macho Dada anayo. Mazoezini hata kuongoza aliweza, kwa sababu chumba tunachokodi kina sakafu ya mbao, na Mwalimu anaweka spika chini. Ngoma ilikuwa inampanda kwenye nyayo. Alichokosa ni maneno. Mwalimu hufundisha akitembea nyuma yetu, mikono kiunoni, anapiga kelele. "Mabega! Kiuno cha nani hicho kimelala?" Sisi tunarekebisha, Dada harekebishi. Mwalimu akambandika jina: Mkaidi. "Mkaidi, nasema na nani? Haya, baki na bega lako." Dada alikuwa anatabasamu, kwa sababu kila mtu alikuwa anatabasamu.

Na Mwalimu si mtu wa huruma. Mwaka wa nyuma alimtoa mwenzetu aliyeumia goti. Alimwambia mbele yetu sote, "Kundi si wodi." Huyo mama alikusanya sketi zake akaondoka analia, na sisi tukaendelea na mazoezi.

Mashindano yalikuwa yanakaribia. Raundi ya kwanza kila kundi linaleta muziki wake. Raundi ya pili ndiyo yenyewe: anakaa mpiga ngoma aliyeletwa na waamuzi, anapiga anavyotaka, na ninyi mnacheza papo hapo. Mpiga ngoma wa namna hiyo ni mchokozi. Anaharakisha, anapunguza, na katikati ya moto anakata ghafla. Akikata, mnatakiwa mgande. Hapo ndipo alama zinapopatikana au kupotea.

Mwalimu alikuwa ameniweka kona ya mbele, Dada nyuma. Kulia yuko Muuguzi, dada mmoja mtulivu anayefanya kazi wodi ya watoto. Kushoto yuko Mama Pacha, ambaye analalamika tangu anavua viatu hadi anavivaa. Nikawaambia hao wawili, "Jamani, nimesikia jukwaa ni dogo. Raundi ya pili hakuna kugeuka nyuma, tutagongana. Kulia na kushoto tu."

"Nani kasema?" Mama Pacha akauliza.

"Mimi."

"Aa, basi haya, bosi."

Muuguzi aliniangalia kidogo, akakubali. Tukamaliza. Ilimradi hatugeuki nyuma, Dada hataongoza, na kama haongozi hakuna atakayejua. Mpango ulikuwa mzuri, nausifu hadi leo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa michezo wa chuo fulani. Jukwaa halikuwepo. Walitandika zulia zito katikati ya sakafu ya saruji, watazamaji wakakaa pande zote mbili, waamuzi na mpiga ngoma upande mmoja. Kitu cha kwanza Dada alichofanya ni kuvua kiatu na kukanyaga lile zulia. Akaniangalia, akatikisa kichwa. Hakuna kitu. Chini pamekufa.

"Huna haja ya chini," nikamwambia, nikihakikisha ananiona mdomo. "Niangalie mimi tu."

"Nikuangalie wewe tu," akasema. "Maisha yangu yote nimekwambia uniangalie mimi. Sasa ona."

Raundi ya kwanza tuliicheza mpaka nikajionea fahari. Tulikuwa tunapumua pamoja. Mama Pacha mwenyewe alitoka pale akasema, "Leo kikombe kinakuja kwangu, wanangu wanywee uji." Kwenye ubao tulikuwa juu ya wote isipokuwa kundi moja la wasichana wenye matumbo ya bapa.

Raundi ya pili tukaingia. Mpiga ngoma alikuwa mzee mmoja mwenye kofia, ngoma ameilaza pajani, haangalii mtu. Akaanza polepole. Nikaongoza. Akaharakisha, tukaharakisha. Akakata, tukaganda, ukumbi ukapiga makofi. Moyoni nikasema, leo nimekuelewa, mzee. Nikatoa ishara ya kulia, Muuguzi akaongoza vizuri, akaturudisha. Dada nyuma yangu alikuwa ananifuata. Nilisikia sarafu zake zikilia sawa na zangu.

Halafu lastiki ya dole gumba ikakatika.

Nimezifunga lastiki hizo kwa mikono yangu mwenyewe, mimi ninayefunga nywele za watu zisifunguke wiki nzima. Ile ya mkono wa kushoto ikakatika, toazi likaruka juu kama sarafu iliyorushwa. Na mimi, bila kufikiri, nikarusha mkono kulidaka. Mkono wa kushoto. Juu. Kiganja wazi.

Wakageuka wote. Watu wazuri, wenye nidhamu, waliofundishwa kutouliza. Nilipodaka toazi langu nilikuta nimebaki peke yangu ninawaangalia waamuzi, na nyuma yangu sketi tatu zimeshageuka. Nikageuka na mimi. Ningefanya nini? Mbele yangu kulikuwa na migongo miwili, na mbele ya migongo hiyo, mgongo wa dada yangu.

Mpiga ngoma alikuwa nyuma yetu sasa. Hata mikono yake Dada asingeiona. Chini zulia, nyuma ngoma, na masikio ndiyo hayo.

Alijua. Niliona shingo yake ikikaza. Angeweza kuinua mkono wa kushoto hapo hapo akanirudishia uongozi, na sijui mpaka leo kwa nini hakufanya hivyo. Nilikuja kumuuliza. Alisema, "Mlikuwa mmeshanigeukia."

Akaongoza. Alichukua mdundo ule ule tuliokuwa nao tulipogeuka, akaubeba kiunoni, akaanza kuupanga: bega, bega, nyonga inashuka, mikono inapanda. Alikuwa mzuri, jamani. Niseme tu ukweli, dada yangu ni mzuri kuliko mimi, na hapo nyuma alikuwa amefichwa. Upande ule wa watazamaji walikuwa wanamwona kwa mara ya kwanza, na walianza kupiga vigelegele. Kwa muda mfupi ngoma na Dada walikwenda pamoja, nami nikaanza kuomba mzee asibadilishe.

Mzee akakata.

Ukumbi kimya. Na katikati ya kimya kile, kiuno cha Dada kinaendelea. Cha, cha, cha, sarafu zake peke yake.

Muuguzi aligutuka. Mama Pacha aligeuza kichwa kabisa akaniangalia, macho yamemtoka, yanauliza: tusimame? Na kusimama ndiko kulikuwa sahihi. Sote watatu tulisikia. Tukisimama, angalau watatu tumeganda na ngoma, tunapata alama zetu, na yule mmoja anayeendelea ukumbi mzima unamwona. Unamcheka, na Mwalimu pale mlangoni anapata jibu la mwaka mzima.

Sikusimama. Nikatikisa kiuno changu kwa nguvu kiasi cha sarafu kupiga kelele makusudi. Muuguzi akanisikia, akaendelea. Mama Pacha akasonya, nilimsikia kwa masikio yangu, kisha akaendelea na yeye.

Tukacheza bila ngoma. Mtu mmoja akacheka. Kisha wengine. Mwamuzi mmoja aliweka kalamu mezani. Yule mzee wa kofia alikaa mikono imetanda juu ya ngoma akitungoja tuchoke, na hatukuchoka. Ilikuwa aibu, nisiipambe. Mgongo wangu ulikuwa unaungua kwa macho ya watu. Mbele yetu Dada alikuwa anacheza ameinua kidevu, anafurahi, hajui.

Mwishowe mzee akarudi, kwa mdundo mwingine kabisa, na sisi tukawa tunakwenda kombo mpaka Dada alipoinua mkono wa kushoto. Tukageuka. Nikashika uongozi, nikaitafuta ngoma, nikaipata, tukamaliza pamoja na kuinama vizuri. Nililipata kundi langu, ila kikombe kilikuwa kimeshakwenda zake.

Kwenye ukumbi wa pembeni Dada alinikumbatia, jasho tupu. "Nimeongoza!" akasema kwa sauti kubwa, siku hizi hajui sauti yake ni kubwa. "Umeniona? Ngoma imenikubali!"

Nikasema nimekuona.

Tukaitwa kusikiliza matokeo. Tulikuwa wa pili kutoka mwisho. Mwamuzi akashika kipaza sauti akatoa maelezo ya kila kundi, na alipofika kwetu akasema: "Mbinu nzuri, mavazi mazuri. Lakini ngoma ilinyamaza, na kundi lote likaendelea kucheza. Hatuelewi kundi zima linawezaje kutosikia." Watu wakacheka, si kwa ubaya sana.

Dada alikuwa anaangalia midomo ya mwamuzi, lakini kipaza sauti kiliiziba. Akaniangalia mimi. "Amesemaje?"

Mwalimu alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwetu. Ningeweza kusema chochote. Ningesema sketi zilikuwa ndefu. Lakini Dada alikuwa ananisoma mdomo, na mdomo wangu haujawahi kumdanganya mtu vizuri.

"Ngoma ilisimama," nikamwambia. "Ulipokuwa unaongoza. Hukusikia."

Uso wake ukashuka. "Nikacheza peke yangu?"

"Hapana."

"Mbele ya watu wote nikacheza peke yangu?"

"Dada, niangalie. Hapana. Tulikufuata."

Akamwangalia Muuguzi, Muuguzi akaitikia kwa kichwa. Kisha akageuka polepole kwa mwingine. "Hata Mama Pacha?"

"Hata mimi," Mama Pacha akasema, "na nimefedheheka, na wanangu uji watanywea kwenye vikombe vya plastiki. Na huyu mdogo wako alituambia kugeuka nyuma ni marufuku!" Halafu akaanza kulia, Mama Pacha, akamshika Dada shingoni.

Mwalimu akaja. Hakumwangalia Dada, aliniangalia mimi. "Tangu lini?"

Dada, aliyekuwa anamsoma mdomo, ndiye aliyejibu. "Muda mrefu, Mwalimu."

"Na mimi mwaka mzima nilikuwa nasema na nani?" Mwalimu akauliza. Akachukua mkoba wake na spika yake, akatoka mlango wa nyuma. Hakutuaga.

Basi hapo tukajua kwamba Dada ameshatolewa. Jumapili Dada alizifua sketi alizoazimwa na Mwalimu, akazikunja, akazitia kwenye mfuko amrudishie. Shemeji alinipigia simu kuniuliza, sauti imemshuka, "Kumbe hanisikii?" Nikamwambia ndiyo, shemeji, hasikii, kaa mbele yake ukitaka kusema. Nasikia sasa anakaa mbele, na anaambiwa anaongea upuuzi.

Jumanne nilifunga saluni mapema, nikaenda kumchukua. "Siendi," akasema. "Mpelekee mfuko wake wewe."

"Mfuko utaupeleka mwenyewe, una miguu."

"We mtoto, huna adabu."

"Nimejifunza kwako. Vaa viatu."

Tulifika kabla ya Mwalimu. Muuguzi na Mama Pacha walikuwa wameshavaa mikanda. Dada alisimama karibu na mlango, mfuko mkononi, hajavua viatu. Mwalimu akaingia. Akampita Dada, akauona mfuko, hakuugusa. Akaweka mkoba wake chini kwenye kona yake ya siku zote, kule nyuma yetu anakotembea akipiga kelele.

"Jipangeni," akasema.

Tukajipanga watatu, kona ya nyuma tupu. Mwalimu akasimama kule nyuma penye mkoba wake, akatungoja. Sikuthubutu kugeuka. Kisha nikasikia hatua zake zikitoka nyuma, zikipita pembeni yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaja kusimama mbele yetu, uso kwa uso. Akamtazama Dada kule mlangoni, akasubiri mpaka Dada naye amtazame. Akaongea taratibu, mdomo wote.

"Umechelewa. Vaa mkanda."

Dada akavaa mkanda. Kifungo kikamshinda, Muuguzi akamfungia. Akaja kwenye kona yake ya nyuma. Mwalimu akatuangalia sote wanne, kisha akainua mkono wa kushoto juu, kiganja wazi.

Tukageuka. Dada akawa mbele. Mabega yake yakapanda na kushuka, kisha nyonga yake ya kulia ikashuka, na sarafu zikalia.

Spika ilikuwa bado ndani ya mkoba.

"Na muziki je?" Mama Pacha akauliza.

"Kiongozi ameshaanza," Mwalimu akasema. "Wewe unasubiri nini?"